Farasi wa Kalenda na Mbwa wa Penseli

Vijana wangu,

Viongozi wenu wa kanisa wameniomba niwaandikie neno la kuwatia moyo kuhusu kazi. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza nimestaafu, na mstaafu hana kisingizio. Pili, aliyewaandikia mwaka jana aliwapa kurasa tisa kuhusu bidii, na mimi nimewahi kufanya kazi na mtu huyo wiki mbili. Nikaona niwaonee huruma.

Najua wengi wenu mmezaliwa hapa Joburg, Kiswahili mnakisikia tu mama anapogomba, na mkimjibu mnajibu kwa Kizulu. Basi mpeni mama awasomee. Atafurahi, nanyi mtakuwa mmekaa naye dakika kumi bila simu.

Kazi yangu ilikuwa kutia picha fremu. Mlitarajia kitu kikubwa zaidi, najua. Hata mama mkwe wangu kule Uvira alitarajia. Miaka yote aliwaambia majirani kwamba mkwe wake "yuko kwenye sanaa Afrika Kusini", nami sikumsahihisha, maana mtu akikupandisha cheo bila kumwomba unashukuru na kunyamaza. Ukweli ni kwamba nilikuwa Jeppestown, kwenye karakana iliyobanwa kati ya wachomea vyuma na mtengeneza makochi, nikikata mbao, vioo na kadibodi, na jioni nikihesabu vidole. Viko tisa na nusu.

Karakana ilikuwa ya Bwana Shomari, mtu wa Tanga, aliyefika mji huu zamani sana na hakuwahi kuacha kuushangaa. Siku niliyokwenda kuomba kazi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mikono yako sijaiona bado, lakini Kiswahili chako kinahitaji fundi." Nikamwambia kwetu Kongo ndivyo tunavyosema. "Ndiyo maana nakuhurumia," akajibu, akanipa ufagio.

Alinifundisha vitu ambavyo hamtavipata kwenye simu. Kioo kinasafishwa kwa gazeti la jana, si la leo, kwa sababu wino wa leo bado unatoka. Ukishasafisha, usikiangalie kutoka mbele, kiangalie kwa ubavu, mwanga ukipita juu yake, hapo ndipo utauona unywele. Na kabla ya kufunga nyuma, igeuze picha, igonge kidogo, uigeuze tena. Hatua hiyo ya mwisho niliiruka mara moja tu. Ilikuwa picha ya harusi ya shemasi mmoja ambaye mnamjua, kwa hiyo simtaji. Waliifungua mbele ya ukoo mzima, na mende mdogo akatokea chini ya kioo, akapanda taratibu kwenye shela la bibi harusi mpaka usoni. Shemasi alifikiri ni ishara. Shangazi zake walifikiri hivyo hivyo, ila waliitafsiri vingine.

Lakini kanuni kuu ya Bwana Shomari ilikuwa bahasha. Kila fremu iliyotoka mle ilikuwa na bahasha imegundishwa nyuma, na ndani yake kila kipande cha karatasi kilichotoka kwenye picha ya mteja: ukingo uliokatwa, kona iliyochanika, hata stempu ya duka la zamani. "Cha mteja ni cha mteja," alikuwa akisema. "Wewe ni nani uamue kipi ni takataka?" Mimi niliona ni mambo ya uzee. Mtu amekuletea picha, unamrudishia na chenga zake kwenye bahasha, kwani umemuuzia samaki? Alipokuwa akiangalia nilifuata kanuni. Alipokuwa hayupo nilikuwa na pipa.

Sasa nije kwa Wafaransa.

Mwaka 2016 jumba moja la sanaa la hapa mjini, ambalo jina lake nitaliacha lipumzike, lilituletea kazi ya maonyesho. Zilikuwa michoro na chapa, yaani picha zilizochapwa, za Wafaransa wa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na zote, tafadhali shikeni viti, zilikuwa za sarakasi. Mtu ana Paris nzima ya kuchora, ana mito, makanisa na wanawake wenye kofia, naye kila jioni anakwenda kuchora matako ya farasi. Sisemi kwa kudharau. Niliyapima matako yale kwa rula, moja baada ya jingine, na yalichukua nafasi kubwa kuliko uso wa mtu yeyote.

Msimamizi wa maonyesho alikuwa dada mmoja aitwaye Lerato, aliyesomea Ufaransa. Aliposikia najua Kifaransa alifurahi, akawa ananieleza kila picha huku nikikata kadibodi. Yule ni mwanamke anayesimama kwa mguu mmoja juu ya farasi anayekimbia. Yule anayening'inia kwenye kamba ameishika kwa meno tu. Wale wenye nyuso nyeupe ni machale, wachekeshaji wa sarakasi. Huyu mwenye koti zuri na mjeledi ndiye bwana wa uwanja. Kulikuwa na tembo juu ya kigoda, na nguruwe aliyevalishwa utepe. Nikamuuliza katika wote hawa nani alikuwa akifanya kazi ya kweli. Akaniambia swali langu ni la kina sana. Nilikuwa nauliza tu, maana niliona anayetoka jasho ni farasi, na anayepigiwa makofi ni mwenye mjeledi, na mpango huo nilikuwa nimeshauona mahali pengi bila kwenda Paris.

Lerato aliniambia kwamba mmoja wa wachoraji wale alifungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na humo ndani akachora sarakasi kwa kumbukumbu tupu, farasi kwa farasi, ili madaktari waone kichwa chake ni kizima. Wakamwachia. Nilifikiria foleni niliyopanga kwa ajili ya karatasi za ukimbizi. Wangetuambia tuchore farasi, ningekuwa raia tangu zamani.

Mwingine alipaka rangi kwa nukta. Nukta ndogo ndogo, maelfu kwa maelfu, kwa mkono, mpaka farasi mweupe akatokea akizunguka uwanja na mwanamke mgongoni. Alikufa kabla hajaimaliza picha hiyo. "Usichanganye na nukta za mashine," Lerato akaonya, akanipa lenzi ndogo ya kushikilia jichoni. "Chapa ya kiwandani nayo ina nukta, lakini zimejipanga kwa mistari, zote sawasawa. Ukiziona, ujue umeshika kalenda."

Vijana, msije mkampa fundi lenzi. Miezi iliyofuata nilikuwa sivumiliki. Nilikagua picha ya Yesu sebuleni kwa mchungaji nikatangaza ni ya kiwandani. Nilikagua pakiti ya mtindi. Kwenye kahawa baada ya ibada nilieleza chapa za mawe, zile zinazochapwa kwa jiwe, kwa watu waliotaka kahawa tu. Mke wangu alisema amekosa mume, amepata mkaguzi.

Mwaka uliofuata, Jumatatu moja asubuhi, akaingia Tannie Hettie. Tannie ndivyo wanavyomwita mama mtu mzima kwa Kiafrikana. Alikuwa na miaka themanini na kitu, mwembamba, amenyooka mgongo, na alitembea kwa kutua ncha ya mguu kwanza. Alikuwa akiishi chumba cha nyuma kule La Rochelle, mtaa wa hapa hapa mjini, na mpwa wake alikuwa amemtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee. Angehamia Jumatano. Huko kila mzee aliruhusiwa picha moja ukutani, na nafasi iliyokuwepo kati ya kabati na dirisha ilikuwa sentimita arobaini.

"Hii ndiyo picha yangu," akasema. "Nifanye nini itoshe?"

Akafungua taulo. Ndani kulikuwa na karatasi iliyokunjamana, ukingo mpana mweupe umegeuka rangi ya chai, na katikati, jamani, farasi mweupe, mwanamke juu yake, mwenye mjeledi, chale. Picha ya nukta! Nikamwambia aje kesho saa nne, akaenda, nami nikakimbilia lenzi.

Nukta zilikuwa zimejipanga kwa mistari, zote sawasawa. Kalenda.

Nilijisikia mkubwa sana. Bwana Shomari alikuwa amekwenda kununua mbao, kwa hiyo niliamua peke yangu, kitaalamu. Karatasi ya asili huikati hata uzi, hilo nililijua. Lakini hii ilikuwa ya kiwandani, na bibi wa watu ningempa kitu cha heshima: paspatu, yaani ile kadibodi nene yenye dirisha inayoizunguka picha, pana kama zile za kwenye maonyesho. Ili paspatu ienee kwenye sentimita arobaini, ule ukingo mchafu ulipaswa kutoka. Chini yake mtoto fulani alikuwa amechorachora kwa penseli. Nikaweka rula ya chuma, nikapitisha kisu. Kazi safi. Halafu nikaweka wembe mpya kwenye kisu, nikaujaribu kwenye kile kipande, kama kila fundi anavyojaribu wembe kwenye mabaki. Halafu pipani.

Kesho yake saa nne Tannie Hettie alikuja. Bwana Shomari alimwekea kiti na kikombe cha chai. Nikaileta picha nimeishika mbele ya kifua, na kwa sauti ya mtu aliyesoma nikamwambia, "Mama, samahani kukuambia, lakini hii si ya asili. Ni chapa ya mashine."

"Najua," akasema. "Baba aliitoa kwenye kalenda ya bucha. Mbwa yuko wapi?"

Nikaiangalia picha. "Mbwa gani, mama?"

"Wa hapa chini." Akaweka kidole kwenye paspatu yangu nzuri.

Akatueleza taratibu, kama vile tatizo lilikuwa masikio yetu. Baba yake alikuwa chale kwenye sarakasi iliyozunguka nchi hii kwa malori. Alikuwa na mbwa mmoja, Prins, aliyefanya naye maonyesho miaka kumi. Yeye Tannie alikuwa msichana wa farasi, alisimama kwa mguu mmoja kama yule wa kwenye picha. Prins alipokufa, baba yake alichukua kalenda ile, akachukua penseli, akamchora mbwa kwa kumbukumbu, anakimbia chini ya farasi wa Mfaransa, ulimi nje. Hakuwahi kuchora kitu kingine maishani. Karatasi ile ilibandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku lake mpaka naye alipokufa.

"Nimeuza sanduku," akasema. "Nimegawa vyombo. Kesho nahamia kwenye chumba ambacho si changu. Nilitaka kwenda na Prins."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Nilijua kila kitu kuhusu farasi yule, na kitu pekee kilichochorwa kwa mkono wa mtu kwenye karatasi ile nilikuwa nimekitia pipani.

"Dido," Bwana Shomari akasema. "Bahasha iko wapi?"

Nikageuka kulitazama pipa.

"Nakuuliza bahasha."

"Hakuna bahasha, Bwana Shomari."

Alinitazama, kisha akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa Jumanne. Kila Jumanne, kabla ya saa nne, waokota makaratasi hupita na matoroli yao na kumaliza pipa letu, kwa sababu karatasi yetu ni nene na inapimwa vizuri kule wanakoiuza. "Kimbia basi," akasema. "Au unangoja mjeledi?"

Nilikimbia nikiwa na aproni. Nilikuwa na miaka hamsini na nane na goti moja. Wachomea vyuma walisimama kunitazama, mmoja akauliza kama ni polisi, mwingine akaanza kukimbia naye kwa tahadhari. Nikashuka barabara nzima mpaka kwenye robot ya pili, yaani taa za barabarani, na pale, taa nyekundu, nikamkuta mwokotaji wetu, Themba, na toroli lake lenye mfuko mrefu kuliko yeye.

"Eish, madala," akasema. "Udinga ini?" Mzee, unahitaji nini?

"Ngifuna inja," nikamjibu. Namtafuta mbwa. Kizulu changu kiliishia hapo.

Themba, mtu mwema, akainama kuangalia chini ya toroli.

Tulimwaga mfuko ule mzima kando ya barabara. Kadibodi, magazeti, maboksi ya pizza, risiti za nusu ya Jeppestown. Upepo ulikuwa unavuma, Themba akawa anakalia kadibodi zisiruke huku mimi nikipekua kwa magoti. Magari yalitupigia honi. Nilikuwa naomba kwa sauti, na simwambii mtu hapa niliomba kwa lugha gani, maana zilikuwa nne. Kipande kilikuwa ndani ya boksi la pizza, kimepata tone moja la mafuta pembeni. Nikakiinua. Na hapo nikakumbuka wembe mpya.

Nilikuwa nimemkata mbwa katikati. Nyuma tu ya miguu ya mbele, mkato ulionyooka kabisa, kazi safi. Kichwa na ulimi mkono huu, mkia mkono huu.

Njia ya kurudi niliitembea. Niliwaza kukaa kimya, niseme toroli lilikwisha kwenda. Niliwaza kwa dhati, msije mkadhani nilikuwa mtakatifu. Kilichonizuia ni kwamba Themba alinisindikiza, akiwa na hamu ya kumwona mwenye mbwa.

Nikaviweka vipande viwili mezani mbele ya Tannie Hettie. Nikamwambia, "Mama, ni mimi. Nilidhani ni mtoto amechorachora. Nilimtupa, na kabla ya kumtupa nilimkata. Nisamehe." Bwana Shomari aliangalia kikombe chake.

Yule mama alivisogeza vipande kwa vidole mpaka mbwa akaungana. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika meza.

"Lakini hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake!" akasema. "Baba alikuwa anamtia kwenye sanduku, anamkata katikati kwa msumeno, mara mbili kila Jumamosi. Watoto wanalia, mama zao wanaziba macho. Halafu Prins anatoka mzima anatingisha mkia. Wewe si wa kwanza, bwana."

Themba alipotafsiriwa alipiga makofi. Mimi niliingia nyuma, nikasimama kati ya mbao, nikalia.

Tulimuunga mbwa kwa gundi ya wanga na karatasi nyembamba kwa nyuma. Tulimrudisha chini ya farasi mahali pake. Bwana Shomari alikataa paspatu, akachagua ubao mwembamba mweusi, tukaweka vijiti vyembamba pembeni ili kioo kisiguse karatasi. Akapima. Sentimita thelathini na nane. "Ilikuwa inatosha tangu jana," akasema, na hilo ndilo tusi pekee alilonipa, nalo bado ninalo. Kisha akagundisha bahasha nyuma, tupu, akamwonyesha Tannie Hettie ilipo. Mkato ulionekana kidogo ukitazama kwa ubavu. Yeye alisema uachwe.

Mwaka 2019 Bwana Shomari alikuwa amesharudi Tanga, na mimi nilikuwa nakaribia kufunga aproni. Siku moja mchana aliingia nesi, Mkenya, na sare yake, amebeba kitu kwenye taulo nililolijua.

"Wewe ndio Papa Dido?" akauliza. "Yule Papa wa mbwa?"

Nikasema ni mimi.

"Pole sana. Tannie alituacha wiki iliyopita. Aliniambia hii nikupatie wewe mwenyewe, nisiachie mtu. Na akasema ufungue huko nyuma kwa envelopu. Alikuwa akisema hivyo akicheka."

Ndani ya bahasha kulikuwa na picha ndogo ya kamera. Chale mwenye uso mweupe amesimama kando ya lori, na mbwa amekaa begani kwake, ulimi nje. Nikaigeuza. Nyuma, kwa mwandiko wa kutetemeka, aliandika kwa Kiingereza maneno ambayo nawaandikia kwa lugha yetu: "Huyu ni Prins. Hakuwahi kukatwa na mtu. Alikuwa anaogopa hata mkasi."

Nilikaa kwenye kiti kilekile alichokalia siku ile. Nesi aliniuliza kama nataka maji.

Picha ya farasi iko ukutani kwangu, mnakaribishwa. Wageni wakija husimama mbele yake, hutikisa kichwa, humsifu farasi. Huuliza kama ni ya asili. Nawaambia wapige magoti, watazame chini.